Mama Tone Aliyezimua Sumu Mara Mbili

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Wewe uliye jikoni, punguza moto, sufuria haina miguu. Leo tunamkumbuka fundi wa maabara aliyekosea, akakiri, na kosa lake likatufundisha. Tulimwita Mama Tone. Tumemzika juzi, akiwa na miaka sabini na miwili. Nina majonzi, ndiyo, lakini leo nasema kifua mbele.

Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye chumba kimoja chenye madirisha mawili, friji inayonguruma na kiti kilichofungwa plasta. Kazi yake ilikuwa kuzimua sumu ya nyoka kwa maji, tone kwa tone, kisha kuitia kwenye seli za kinga, wale askari wa mwili. Jina lake lilitoka hapo. Na kila alipokosea, aliandika kosa daftarini kwa kalamu nyekundu. Wenzake walimtania: "Mama Tone, daftari lako limepata surua!"

Hakuifuata kazi hiyo kwa bahati. Mdogo wake wa kiume aliumwa na nyoka akiwa kijana. Alipewa dawa ya kuua sumu. Sumu ikaisha, lakini mguu ukazidi kuvimba, mpaka ukakatwa. Alipozinduka aliuliza, "Dada, kama sumu imeisha, nani kala mguu wangu?" Dada mtu aliwahi kuniambia, hapahapa studio, kwamba swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja alizimua sumu, akaitwa kupokea simu, akarudi, akaizimua tena. Mara mbili, jamani! Ikawa nyepesi mno, haiwezi kuua hata seli moja. Na kweli, kwenye darubini seli zote zilikuwa hai. Lakini alipopima maji yaliyozizunguka, akakuta yamejaa kemikali zinazoleta uvimbe. Seli hazikufa. Zilikuwa zinapiga yowe.

Mkuu wake wa kazi akaja juu. "Mwaga! Andika mashine imeharibika." Na mkataba wa Mama Tone ulikuwa unaisha Ijumaa ya wiki ileile. Msikilizaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi ningemwaga, sikufichi. Yeye akajibu, "Mzee, mashine haina kosa. Kosa ni langu, na nitalirudia."

Ijumaa mkataba haukusainiwa. Alikuja kazini wiki tatu bila mkataba, akilirudia kosa lake makusudi. Mara kumi na tisa. Narudia, mara kumi na tisa, na kila mara seli zilipiga yowe.

Kwa lugha ya nyumbani ni hivi. Protini za sumu zikigusa seli ya kinga, seli humwaga kemikali kuwaita wenzake. Wenzake wakija, nao humwaga zao. Mwizi ameshakamatwa, majirani bado wanavunja milango! Ukiumwa na nyoka kimbilia hospitali, dawa ya sumu ndiyo inayomkamata mwizi. Ila tangu siku zile maabara yao ilianza kutafuta na dawa ya kuwatuliza majirani. Mkataba mpya ulisainiwa na mkuu yuleyule, kwa mkono wake.

Jumapili iliyofuata Mama Tone alibeba daftari mpaka kwa mdogo wake. Mdogo wake ametusimulia: "Alifungua ule ukurasa mwekundu, akasema, 'Ni mwili wako mwenyewe, mdogo wangu. Ulikuwa unakupigania, ukapitiliza.' Nililia kama mtoto. Miaka yote niliuchukia mwili huu kwa udhaifu. Kumbe ulipigana kupita kiasi."

Kwako mdogo mtu, kwa wana wawili wa Mama Tone, kwa mafundi wote wa chumba kile, poleni sana. Mmepoteza mtu, na mlikuwa na mtu. Sisi tuliobaki tujiulize, wazee walisema mficha uchi hazai: ni kosa gani tumelimwaga kabla ya kulitazama?

Maabara wameliomba daftari ili walihifadhi. Mdogo wake amewapa, amebakiza ukurasa mmoja tu. "Ule mwekundu siutoi," amesema. "Swali niliuliza mimi."