Kidevu cha Marehemu

MAMA: Haloo, studio ya picha hapa. Nani mwenzangu?

SHANGAZI: Asiyekuwepo na lake lipo, wifi.

MAMA: Ebo! Wahenga walisema halipo.

SHANGAZI: Wahenga hawakukujua wewe. Hujambo?

MAMA: Sijambo. Ukianza na methali, una la kunisema— Subiri kidogo. Baba, inua kidevu. Usitabasamu, pasipoti haitaki meno. Hapo hapo... Tayari. Kaa nje nikuchapie. Haya, wifi, sema. Kopi amemaliza kliniki?

SHANGAZI: Magoti amemaliza. Daktari wa viungo kafurahi, anasema hata vifundo vya mikono vimepoa. Ila kuna— [mtandao unakwaruza] —huku juu.

MAMA: Haloo? Unakatika. Huku juu wapi?

SHANGAZI: Nasogea dirishani. Wanisikia sasa? Tupo ghorofa ya juu.

MAMA: Juu kuna nini?

SHANGAZI: Meno.

MAMA: Mimi nilikupa mtoto umpeleke kliniki ya magoti.

SHANGAZI: Na ndiko nilikompeleka. Nikamwambia yule daktari, hebu mtazame na mdomo. Akamtazama, akanyamaza, akatuleta huku kwa mwenzake anayenyoosha meno—

MAMA: Meno ya mwanangu yamenyooka!

SHANGAZI: Si meno, wifi, ni taya. Taya nalo lina kiungo, hapo mbele ya sikio, kama goti. Ugonjwa uleule wa kuvimba viungo umeingia humo, na hauna kelele. Upande wa kulia umeacha kukua, wa kushoto unaendelea. Ndiyo maana kidevu—

MAMA: Ishia hapo.

SHANGAZI: Ndiyo maana kidevu kinarudi nyuma na kwenda upande.

MAMA: Kidevu kile ni cha baba yake. Dunia nzima inajua. Mtoto anaitwa Kopi kwa nini?

SHANGAZI: Wewe ndiye uliyemwita—

MAMA: Na watu wakaitikia! Mpaka muuza vocha wa pale kona anasema, ama kweli marehemu hakufa.

SHANGAZI: Weka vidole mdomoni.

MAMA: Nini?

SHANGAZI: Vidole vitatu, wima, kati ya meno ya juu na ya chini. Fanya tu, nani anakuona?

MAMA: ...Fimeingia.

SHANGAZI: Vyote?

MAMA: Fyote. Ah! Mteja ananichungulia, atasema mpiga picha karukwa na akili.

SHANGAZI: Kwa Kopi vimeingia viwili, tena kwa kusukuma. Na mdomo unafunguka kombo, kama droo iliyotoka kwenye reli.

MAMA: Anaumia?

SHANGAZI: Asubuhi, anasema. Taya linakaza. Ndiyo maana anachovya mkate kwenye chai mpaka unakuwa uji.

MAMA: Anaupenda hivyo.

SHANGAZI: Haupendi. Napikia watoto mia tatu pale shuleni, wifi. Mtoto anayebagua chakula namjua, na anayeshindwa kutafuna namjua.

MAMA: Sasa mbona hakuniambia mimi? Mimi si mama yake? Nakuuliza wewe!

SHANGAZI: Tutafika huko. Daktari aliomba picha zake za zamani, aone lini taya lilianza kubaki nyuma. Nikamwonyesha zile zote ulizonitumia kwenye simu. Akazipitia, akaniuliza, hivi huyu mtoto ana upande mmoja tu?

MAMA: Ule ndio upande wake mzuri. Ndio unaotoa sura ya baba yake.

SHANGAZI: "Geuka kushoto, mwanangu. Inamisha kichwa kidogo." Kila siku ya kuzaliwa. Kila kufungua shule.

MAMA: Ndiyo kazi yangu! Kila uso una upande wake. Wewe mchuzi wako nakufundisha chumvi?

SHANGAZI: Pale ukutani kwako, juu ya feni, si ipo ile ya puto? Ana miaka mitatu.

MAMA: Aliipiga marehemu. Hakujua kupiga picha, masikini, kamsimamisha katikati kama mwizi wa kuku.

SHANGAZI: Itazame.

MAMA: Naiona kila siku.

SHANGAZI: Leo itazame kama ya mteja.

[Feni inasikika ikizunguka.]

SHANGAZI: Wifi?

MAMA: Kimekaa katikati.

SHANGAZI: Ehe.

MAMA: Cha mviringo. Kina... kina kishimo.

SHANGAZI: Nani mwenye kishimo kidevuni, wifi? Kwetu hakuna—

MAMA: Nyamaza.

SHANGAZI: Ni kidevu chako. Amezaliwa na kidevu chako.

MAMA: Nimesema nyamaza! Watoto si hubadilika? Akikua huchukua cha baba. Tumeona wangapi?

SHANGAZI: Baba hakuwa na cha kumpa. Kaka yangu alikuwa na kidevu kama hiki changu mpaka darasa la pili. Alikimbizwa na bata mzinga wa jirani, akaparamia ukuta, akaanguka kwa uso. Taya likavunjika hapohapo karibu na sikio. Halikuungwa sawasawa, halikukua tena.

MAMA: Bata mzinga.

SHANGAZI: Bata mzinga.

MAMA: Aliniambia ni kidevu cha ukoo! Aliniambia babu wa babu yenu alikuwa nacho, alikuwa jemadari, maadui wakikiona wanatupa mikuki.

SHANGAZI: Jemadari wa wapi? Ukoo mzima ni wapishi.

MAMA: [Sauti inapasuka.] Muongo yule. Muongo mkubwa yule.

SHANGAZI: Unacheka ama unalia?

MAMA: Sijui. Na wewe ulikuwa unajua. Miaka yote unajua.

SHANGAZI: Ningesema lini? Tulipomzika ulikuwa huli. Mwaka uliofuata Kopi akaanza kuvimba magoti, ukabaki mifupa mitupu, nikasema na huyu naye anatutoka. Kisha siku moja nimekuja nikakuta unakula. Unakula na unaongea. Umemkalisha mtoto mapajani, unaniambia, njoo uone, tazama hiki kidevu.

MAMA: Kilikuwa kimeanza kurudi nyuma.

SHANGAZI: Ndiyo.

MAMA: Nilidhani ni yeye anarudi.

[Mtandao unakwaruza.]

SHANGAZI: Najua. Na Kopi anajua. Ndilo jibu la swali lako.

MAMA: Swali gani?

SHANGAZI: Mbona hakukuambia. Kila asubuhi kabla hajatoka unamshika kidevu, unasema, "Habari ya kuamka, Baba Kopi." Sasa leo daktari kamweleza, taratibu kabisa, kwamba taya litasaidiwa likae sawa. Mtoto kafunga mdomo. Hataki kuufungua. Nikamwinamia, nikamuuliza, nini mwanangu? Akaniambia, "Shangazi, wakikinyoosha, mama atabaki na nani?"

MAMA: Hakusema hivyo.

SHANGAZI: Kasema hivyo hivyo.

MAMA: Wifi, hakusema hivyo. Tafadhali. [Anamgeukia mteja.] Baba, nakuomba unisubiri nje. Picha yako ipo. Nimesema nje!

SHANGAZI: Kaa chini kwanza. Umekaa?

MAMA: Nimekaa kwenye kiti cha wateja. Watamfanya nini?

SHANGAZI: Leo atauma donge fulani laini kama unga uliokandwa, wachukue umbo la meno. Halafu watamtengenezea kibao cha plastiki cha kuvaa mdomoni, mchana na usiku, anakitoa akila tu. Kinainua ule upande uliolala, taya lipate pa kukulia. Na daktari wa viungo ataongeza dawa ya kupoza kiungo, maana pasipo hiyo kibao ni kazi bure. Nyaya za meno bado sana.

MAMA: Kitarudi katikati?

SHANGAZI: Anasema kitasogea.

MAMA: Nimeuliza kitarudi?

SHANGAZI: Kitasogea, wifi. Angeletwa mapema ingekuwa hadithi nyingine. Pengine akishamaliza kukua watampasua. Lakini wakiacha sasa, mdomo wenyewe utazidi kufunga. Huyu daktari huja hapa mara moja kwa mwezi, na bila neno lako hamgusi. [Mlio mfupi.] Salio langu hilo linalia.

MAMA: Niweke kwenye spika.

SHANGAZI: Tayari. Yupo mlangoni, anakusikia.

MAMA: Daktari, mimi ndiye mama yake. Mfanyieni. Leo. Na nyie mkitaka picha, nitampiga mpya, ya mbele. Basi.

SHANGAZI: Kaitikia kwa kichwa. Anamwita Kopi ndani.

MAMA: Mwambie... 

SHANGAZI: Nimwambie nini?

MAMA: Mwambie asijibane. Afungue kadiri anavyoweza, na akiumia apige kelele. Apige kelele, nimemruhusu mimi.

SHANGAZI: Nitamwambia. Wifi, kabla hatujakatika—

MAMA: Nenda kakae naye.

SHANGAZI: Nakwenda. Lakini mwaka juzi nilikuambia kile kidevu kinapinda. Nilikuambia mbele ya ndugu wote, nakiri, palikuwa pabaya. Ukanijibu, "Asiye na mwana aeleke jiwe." Watu wakainamia sahani zao. Sikuzaa, wifi, na wewe unajua nilivyohangaika.

MAMA: Najua.

SHANGAZI: Sijalizungumza mpaka leo. Sitaki mengi. Neno moja tu. [Mlio.] Haloo? Upo?

MAMA: Nipo. Nimegeuza ile picha ya puto, nimeilaza uso chini. Siwezi kuitazama, na siwezi kuitoa.

SHANGAZI: Ni neno moja, wifi.

MAMA: Nilikuwa na mume, nikabaki na kidevu. Leo umekuja nacho kwenye simu, umekichukua, na ulikuwa na haki, na mtoto atatafuna kwa sababu yako. Mlete nyumbani, nitampikia kitu laini, na wewe utakula kwangu. Wali nitautoa, kitanda nitakutandikia.

SHANGAZI: Na lile neno?

MAMA: Hapana.

SHANGAZI: Wifi—

MAMA: Siombi radhi. Kidevu nimekitoa. Radhi siombi.