Mwalimu Kulpash na Bakuli Ambalo Halikujazwa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Tasbulak na nyote mliofika kutoka Semey, familia imeniomba niwasomee maisha ya mama yetu, na kwa kuwa ni yeye aliyenifundisha kusoma kwa sauti, nitasoma polepole kama alivyopenda.

Marehemu Mwalimu Kulpash Ramazankyzy alizaliwa tarehe 11 Aprili 1936 hapahapa Tasbulak, mama yake akiwa mkamua maziwa wa shamba la ushirika, na baba yake mchungaji wa kondoo aliyekwenda vitani mwaka 1942 asirudi. Alisoma shule ya kijiji hiki, na mwezi Agosti 1949, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliwaona mbwa wote wa kijiji wamejikunyata chini ya mikokoteni bila kubweka, kisha mbingu ya upande wa machweo ikawa nyeupe, na hakuna mtu mzima aliyemweleza ni nini, kwa sababu hakuna aliyejua.

Alijiunga na chuo cha ualimu mjini Semey mwaka 1953, akahitimu 1956, na tarehe 1 Septemba mwaka huo akaanza kazi katika shule yetu, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mitano.

Alhamisi, tarehe 26 Septemba 1957, askari walipita na gari wakiamuru kila mtu atoke ndani asije akaangukiwa na paa, na watoto walazwe mtaroni kifudifudi. Wiki hiyo alikuwa amewafundisha darasa la nne kukadiria umbali wa radi kwa kuhesabu tangu mmweko hadi ngurumo, na kwa ujana wake wa miaka ishirini na moja aliona somo limejileta lenyewe, akawaambia watoto wake ishirini na saba, "Inueni vichwa, wanangu, tuhesabu pamoja." Wakahesabu kwa furaha, hata Tolegen, aliyekuwa mtundu kuliko wote, akapaza sauti, "Mwalimu, radi hii imelala njiani!" wote wakacheka, na walipofika mia mbili na kumi na moja ardhi ikawanyanyua, madirisha ya shule yakamwagika, na wingu likaanza kuja upande wao, taratibu, kama lililoitwa. Mwalimu hakujisamehe kicheko kile maisha yake yote.

Tarehe 14 Juni 1958 aliolewa na Bwana Zhumakan, dereva wa trekta, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1974 kwa saratani ya koo. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza aliishi siku nne, wa pili ni Dauitbek ambaye tuko naye hapa, na wa tatu, binti yao Raikhan, alifariki mwaka 1979 kwa ugonjwa wa damu, akiwa na miaka kumi na minne.

Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliposhushwa chini ya ardhi hapakuwa tena na mmweko wa kuhesabia, bali mabakuli ya chai ndiyo yaliyoleta habari, yakigongana yenyewe kabatini, naye akazoea kuweka kitambaa kati ya bakuli na bakuli. Daftari la mahudhurio la mwaka 1957 alilitunza, na kila mwanafunzi wa darasa lile alipofariki aliandika tarehe mbele ya jina lake, na kufikia mwaka 1989 majina kumi na tisa yalikuwa na tarehe.

Jumamosi, tarehe 18 Machi 1989, Kanali Lapshin wa eneo la majaribio alikuja kututuliza kuhusu mitetemeko hiyo, na Dauitbek na wenzake wakawa wamekusanya mawe, wakisema, "Leo gari lake litarudi bila vioo, naye aonje!" Mama akamwambia, "Vyetu vilivunjika bila yeye kutuona, sasa mwache atuone. Weka mawe chini, lete kuni." Akamkaribisha kanali chai, na kila mmoja hapa anajua kwamba bakuli likimiminwa kidogo mgeni anaombwa akae, na likijazwa hadi ukingoni anaambiwa njia nyeupe. Kanali alikuwa ameishi kwetu miaka kumi na saba, naye alijua. Mama alimimina kidogo, akasoma jina moja daftarini, akaeleza mtoto yule alipenda nini na alivyohesabu siku ile ya mmweko, akamimina tena kidogo, na jirani yetu Bibi Zibash akichochea, "Kunywa, mwanangu, maji ni ya kisima chetu kilekile," mkono wa kanali ukasita hewani, lakini akanywa.

"Mama, nijazie niende, nina kazi."

"Kazi yako ndiyo hii, kanali. Bado majina kumi na moja."

Yalipokwisha, kanali aliuliza walihesabu hadi ngapi siku ile, akajibiwa, akainama, akasema, "Mimi nilikuwa askari kijana upande wa pili, karibu na mlipuko. Tulifika arobaini." Akaomba nakala ya majina, na mwezi Juni, katika mkutano wa hadhara mjini Semey, akasimama na sare yake akayasoma yote, jambo lililomgharimu cheo. Oktoba mwaka huo ardhi yetu ilitetemeka kwa mara ya mwisho, na tarehe 29 Agosti 1991 eneo lile likafungwa.

Mama aliugua tezi ya shingo tangu 1996, na tumbo kuanzia Oktoba mwaka jana. Mwezi Januari alisikia redioni wakubwa wa dunia wakitajiana tena majaribio, akaomba kabati lifunguliwe, akakagua vitambaa kimoja kimoja. Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, alimwambia mkamwana wake Zaure, "Leo nijazie hadi ukingoni."

"Mama, mimi sikufukuzi!"

"Najua, mwanangu. Mgeni ameaga. Ila vitambaa usivitoe."

Akafariki adhuhuri ya siku hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuletea nyama, unga na kuni bila kuombwa, walimu wenzake, na binti wa marehemu Kanali Lapshin aliyesafiri siku mbili kuja kumzika. Daftari sasa lina tarehe ishirini na nne, watatu tumebaki, na mmoja wetu ni mimi Tolegen, ninayewasomea. Pumzika kwa amani, Mwalimu wetu, sisi bado tunahesabu.