Adabu Haipigiliwi Misumari

Kwenye treni ya jioni, binti aliyekaa mbele yangu alimwambia mama aliyekaa kando yake kuwa anasomea shahada ya pili ya saikolojia ya shule, na sasa yuko shuleni kwa mafunzo ya vitendo.

"Basi njoo umwone mwanangu," yule mama akadakia. "Leo nimeitwa tena shuleni kwake. Hatulii kitini, utadhani kakalia siafu."

"Nilipewa wa hivyo hivyo, mama. Vipimo nikaviweka kando, nikakalia kiti chake kipindi kizima. Kumbe kina mguu mmoja mfupi! Ukiinama kuandika, kinataka kukuangusha. Nikamwita fundi."

"Kusoma kote huko, ukaishia kwenye useremala?"

"Ndiyo," akajibu bila kupepesa macho. Mimi, ambaye kiti changu kilikuwa kikicheza tangu tuondoke, nikawa upande wake kimyakimya.

"Mtoto hufunzwa adabu, binti yangu. Adabu haipigiliwi misumari!"

"Sawa, mama. Lakini kiti chake kikalie wewe kwanza, ndipo umkanye."

Treni ikasimama. Mama akashuka akisonya, milango ikafungwa nyuma yake. Mara akarudi mbio, akagonga kioo chetu: "Mguu wa mbele au wa nyuma?"