Évariste na Injini Aliyoitoa Kwake

Wapendwa wafiwa, mchungaji, majirani wa mtaa huu wa Tensta na ninyi mliotoka mbali, naitwa Bonheur, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome haya, ingawa huu ni msiba wetu wa pili tangu Oktoba.

Yaya Évariste, kama sisi tunavyomwita kaka mkubwa, alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 huko Uvira, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi wetu, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha mwaka 1973 akapelekwa Bukavu kujifunza ufundi wa magari, na baada ya masomo aliajiriwa katika gereji moja mjini humo, akafanya kazi hadi vita vilipoifunga.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Léontine, ambaye wengi mnamjua kama Mama Christelle, wakajaliwa mabinti wawili, Christelle na Natalie, na mwishoni mwa 1996 walivuka ziwa wakawa wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, walikokaa hadi walipoletwa Sweden mwezi Novemba 2004.

Hapa Stockholm alianza kwa kusafisha mabasi usiku, kisha akahamishiwa kwenye karakana ya mabasi, alikofanya kazi hadi alipostaafu, na Jumamosi alizokuwa huru hakupumzika, kwa sababu mwaka 2012 alikwenda kununua pikipiki ya zamani aina ya BMW kwenye shamba moja upande wa Norrtälje, akarudi na pikipiki ambayo haikuwa BMW. Ilikuwa Cemec, iliyoundwa Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kufuata BMW ya Wajerumani, na leo zimebaki chache sana. Mwanzoni alijiona amekosea, lakini alipoifungua injini na kuikuta nzima alinipigia simu akaniambia, “Bonheur, Wafaransa hawa hawakunakili tu, walifanya kazi.” Tatizo lilikuwa fremu, iliyopinda vibaya kiasi kwamba kila aliyeiona alitikisa kichwa.

Miaka miwili baadaye alisikia kwamba huko Skärholmen yuko Mkenya, mwalimu Gitonga, mwenye Cemec ya aina ileile, yenye fremu safi na kigari cha pembeni, ila kasha la injini yake lilikuwa limepasuka. Kila mmoja alikuwa na kile alichokosa mwenzake, na kila mmoja alimtaka mwenzake ndiye atoe, basi wakabishana miaka saba, kwa heshima kubwa, huku wakinywa chai ya Mama Christelle, ambaye siku moja aliweka birika mezani akasema, “Mimi nimechoka kuishi na mwanaume na nusu ya pikipiki.”

Machi 2021 daktari alimwambia yaya kwamba mtetemeko uliokuwa umemwanza mkono wa kulia ni dalili ya ugonjwa wa Parkinson. Hakutuambia kwa muda, aliendelea kuishughulikia pikipiki yake, ila kazi aliyokuwa akiimaliza asubuhi moja ikawa inamchukua wiki, na skrubu zilimponyoka zikalala sakafuni kwa sababu kuinama pia kulimshinda. Aprili 2022 alimpigia Gitonga akasema, “Ndugu yangu, njoo na gari, uichukue injini.” Gitonga alidhani anataniwa, akauliza, “Na wewe utabaki na nini, mzee?” Yaya akajibu, “Nitabaki na fremu iliyopinda. Wewe njoo, kabla sijabadili mawazo.”

Aliifungua mwenyewe, akikataa kusaidiwa, na Christelle alipomkuta amekaa chini anahema alimuuliza kwa Kiswidi, “Pappa, orkar du?”, yaani, Baba, una nguvu kweli? Akamjibu kwa Kiswahili kwamba hana, lakini imebaki bolti moja. Gitonga alipoondoka na injini, yaya alilala bila kula.

Tarehe 12 Juni 2022 Gitonga aliiendesha pikipiki yake, sasa ikiwa na injini ya yaya, hadi mlangoni kwao Tensta, ikinguruma vizuri, akamwomba yaya aisikilize kama kuna kasoro. Yaya aliingia kwenye kigari cha pembeni akasema, “Leo usiniulize kitu. Niache niwe abiria.” Walizunguka kupitia mtaa wa jirani wa Hjulsta, na aliporudi Mama Christelle alimfuta machozi mbele yetu sote, naye hakuona aibu.

Kuanzia mwaka jana hakuweza tena kutembea wala kujilisha, na tarehe 9 Januari mwaka huu, saa kumi na moja alfajiri, aliaga dunia nyumbani, mke na mabinti wakiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliokuja nyumbani hata kwenye theluji, majirani mliopika, wenzake wa karakana ya mabasi, na Gitonga, aliyekuja leo kwa treni, kwa maana yaya asingekubali pikipiki ile ipite kwenye barabara iliyomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, inayokula chuma.

Yaya, mikono yako imetulia sasa. Pumzika kwa amani, nasi tutamtunza Mama Christelle.