Wimbo Usiokuwamo kwenye Nyimbo Bora

Kijiwe chetu ni benchi la miguu mitatu na tofali, kati ya kinyozi na fundi baiskeli. Mwenye benchi hajulikani, wabishi tunajulikana. Asubuhi ile Fundi Pindo, mshona nguo, alikuja na santuri ya nyimbo bora za Suti Nyeupe, yule mwimbaji wa mapenzi wa enzi zetu. Tuliisikiliza pande zote mbili kwenye gramafoni ya kinyozi, Wembe, kahawa mkononi. Kesho yake binti yake Pindo alikuwa anaolewa, na mzee alitaka kucheza naye ule wimbo aliocheza na marehemu mkewe siku ya harusi yao. Wimbo haumo. Aliumia, nami niliumia naye.

— Haumo kwa sababu ni mzuri mno, alisema Wembe. Wangeuweka, hizi nyingine zingeonekana takataka. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Acha hizo, alisema Spoku, fundi baiskeli. Mkewe Suti Nyeupe aliupiga marufuku. Ulitungiwa mwanamke mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nguo gani tena? aliuliza Pindo. Mimi natafuta wimbo.

— Mke yupi? Wembe akadakia. Huyo bwana hakuoa. Mtu anayebembeleza santuri nzima, ataoa saa ngapi?

— Basi ukweli ni huu, alisema Spoku. Wimbo ule hakuuimba yeye. Alikuwa na mafua, akauimba dereva wake. Ndiyo maana wameuficha.

— Dereva? niliuliza.

— Hata suti walikuwa wakipokezana. Angalia jalada.

Pindo akaliinua jalada, akalikagua kama kazi ya mshindani wake.

— Mikono imezidi, alisema. Hiyo suti si yake.

— Si umeona? alisema Spoku. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Awe dereva, awe nani, alisema Wembe, wimbo ule ulinitoa machozi.

Sote tukakubali kwamba ulitutoa machozi. Ndipo akaja binti yake Pindo, miguuni viatu vya harusi, anavilegeza kwa kutembea.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, bibi harusi.

— Baba, mpiga muziki anasema atautafuta kwa wenzake. Unaimbwaje?

Wembe akaanza kuifuta gramafoni yake. Spoku aliguna sauti mbili tatu, akagundua ni wimbo tuliotoka kuusikiliza, akainywa kahawa yake iliyokwisha poa. Mimi niliangalia barabara.

— Mama yako ndiye aliyekuwa akiuimba, alisema Pindo. Mimi nilikuwa nahesabu hatua.

Hakuna aliyebisha. Kijiweni kwetu hilo halikuwa limewahi kutokea.

— Basi nionyeshe hizo hatua, baba. Tutachezea wimbo wowote.

Pindo akaweka kikombe chini, akamshika binti yake mkono. Kushoto, kushoto, nyuma.

— Baba, umenikanyaga.

— Mama yako naye alisema hivyo hivyo.