Bi Chelewa na Ngano ya Jua Kali

Mama yetu, dada yetu na bibi yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshona nguo. Alitazamiwa mwezi wa pili. Mkunga alikuja akarudi, akaja tena akarudi, mara ya tatu akasema haondoki ng'o, akatandikiwa mkeka akalala hapohapo. Kwa hiyo mnaodhani jina la Bi Chelewa alilipata kazini, fahamuni kwamba alikuja nalo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha kilimo, alikohitimu mwaka 1974. Shuleni hakuchelewa kamwe. Mdogo wake, ndiye anayewasomea wasifu huu, anakumbuka alivyokuwa akiburutwa mkono asubuhi mpaka kandambili zinabaki njiani.

Mwaka huohuo aliajiriwa na kituo cha utafiti wa mbegu, kitengo cha ngano. Kazi yake ilikuwa kujaribu aina mbalimbali shambani na kuona ipi inahimili joto. Ngano inapenda ubaridi. Jua kali likiikuta inachanua, punje husinyaa na mkulima anaambulia makapi. Sasa utaijuaje ile inayovumilia? Unapanda kwa kuchelewa, makusudi kabisa, ili zote zichanue jua linapowaka, halafu unatazama ipi inazimia na ipi inabaki wima. Basi ngano ya majirani ikiwa imefika magotini, vitalu vya marehemu vilikuwa bado udongo mtupu, na yeye kakaa kivulini anakunywa chai. Watu wakamwonea huruma.

Huruma hiyo ilileta balaa mwaka 1983, aliposafiri kikazi kwa wiki moja. Mwokaji mikate wa jirani na kituo aliwakusanya wenzake, wakaazima trekta, wakachanga mbegu, wakampandia shamba zima. Aliporudi aliwakuta wamejipanga ukingoni wanatabasamu.

“Dada, tumekuokoa,” mwokaji alimwambia. “Tuliona umezidiwa.”

Marehemu alilitazama shamba, akawatazama wao. Maandalizi yote ya msimu yalikuwa yamekwenda na maji. Aliwashukuru, akawapikia chai, na walipoondoka akajifungia stoo ya mbegu akalia. Kesho yake aliomba kipande kingine nyuma ya karakana, akapanda upya, kwa kuchelewa zaidi.

Mwokaji alipoelezwa alichokifanya, alikuja mbio kuomba radhi, mkate wa moto kaufunga kwenye taulo. Akauliza afanye nini asamehewe.

“Siku nikipata ngano inayolimudu jua, utaioka wewe,” marehemu alimjibu. “Ukiweza kuula mkate wake, tumemalizana.”

Walioana tarehe 6 Oktoba 1984. Bibi harusi alichelewa, maana saa sita mchana ndiyo saa ya kupima joto la ngano, na hakuona sababu ya kuiruka. Aliingia ukumbini na udongo kwenye viatu. Walijaliwa watoto wawili.

Tangu hapo, kila mwaka alimletea mumewe punje zilizosalimika. Mume anatafuna, anafikiri, kisha anasema kwa upole, “Mke wangu, hii ni ya kuku.” Nyingine zilistahimili joto lakini unga wake ukagoma kuumuka, nyingine ziliumuka vizuri, ila mavuno yake yalijaa kofia moja. Kuku wa nyumba ile walinenepa wakashindwa kuruka hata kizingiti. Alistaafu mwaka 2011, kituo kikamwachia vitalu vichache, na kila msimu akachelewa tena. Sisi tuliokuwa karibu naye tunajua hofu yake kubwa ilikuwa kufa akiwa bado analisha kuku tu.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Daktari alimkataza jua. Alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akanunua mwavuli. Msimu huu miguu ilikataa, ikabidi mwokaji amsukume kwa kiti cha magurudumu hadi ukingoni, naye akitoa amri kutoka kitini: “Cha nne hicho! Shika suke, baba, siyo jani.” Joto la mwezi wa kwanza mnalikumbuka wenyewe. Vitalu vyote vilinyauka isipokuwa cha nne. Wakati huohuo daktari alimwambia binti yake, ambaye ni nesi, kwamba mama hana siku nyingi. Binti alimfikishia habari huku analia.

“Mwambie mimi huwa nachelewa,” mama alisema, akamfuta machozi.

Mwokaji alikivuna kitalu cha nne kwa mundu, akapepeta, akamletea kitandani. Alitafuna punje moja, akachukua nyingine.

“Ya kuku?” mkewe aliuliza.

“Kuku wajitafutie chao,” alijibu.

Mkate ulitoka tanurini Jumamosi jioni. Marehemu alikula kipande kikavu, akaomba cha pili, akasema chumvi imezidi. Alifariki nyumbani siku iliyofuata, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa sita mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka 73.

Ameacha mume, mwokaji wetu, binti yake nesi, mwanawe fundi umeme pamoja na mkewe, wajukuu watano, na mdogo wake huyu, ambaye hana tena wa kumburuta.

Mkate wa kitalu cha nne uko kwenye meza ya nyuma. Tugawane kidogokidogo, kila mtu aonje. Mbegu iliyobaki iko kituoni, na itapandwa msimu ujao, kwa kuchelewa. Majirani wapendwa, tunawaomba kwa unyenyekevu: msitusaidie.

Apumzike kwa amani, na mtu asimharakishe.