Mchele kwa Mto Uliohama

Jeep ya abiria ilipoingia kwenye mkondo mkavu wa mto chini ya kijiji cha Dhungaghat, Bibi Phulmati, tuliyebanana naye nyuma, alirusha punje za mchele dirishani. Kijana wa kiti cha mbele akacheka. "Bibi, unamlisha nani? Mto ulihama kabla sijazaliwa!"

"Umehama, haujafa. Wachukuzi wa chumvi ya Tibet walivukia hapa, na soko letu tunaliita la ng'ambo mpaka leo."

"Ng'ambo gani, na mto hakuna? Mimi nimenunua kiwanja hapo mbele, najenga hoteli."

"Hongera, mwanangu. Samaki utawalaza chumba gani?"

Jeep nzima ikaangua kicheko. Mimi pia nilicheka; sibishani na bibi ambaye kiwiko chake kiko mbavuni mwangu.

"Imani za kizee hizo," kijana akanung'unika.

Kona iliyofuata, dereva akakanyaga breki. Mvua ya jana huko milimani ilikuwa imeshuka: maji ya kijivu yalikata barabara, yakapita juu ya vigingi vya kiwanja cha kijana yakiviringisha mawe.

Kijana aligeuka polepole, akakinga kiganja.

"Bibi, mchele umebaki?"